Siku Kumi na Nne za Mgeni

"Mama, mimi kitu chochote chenye miguu minne nakielewa," Fundi Sofa alimwambia mama mkwe wake, mbele ya mke wake na mbele ya mhudumu wa kituo cha wanyama. "Kiti, meza, kitanda, stuli. Nikikishika tu najua kinaumwa wapi. Sembuse paka! Nipeni siku tatu, atalala mapajani kwangu anakoroma."

Mhudumu alikuwa dada mwembamba aliyekumbatia mafaili kifuani. Hata alipoinama kuokota bakuli hakuyaachia. Fundi alikuwa keshampa jina kimoyomoyo: Dada wa Fomu. Dada wa Fomu alimtazama kuanzia viatu vyenye gundi hadi kofia yenye gundi, akaandika kitu.

Walikuwa wanapita katikati ya vizimba, pua zimejaa harufu ya dawa ya sakafu. Paka wengine walikuwa wanajinadi: mmoja anapitisha mkono kwenye nyavu, mwingine anajiviringisha, wa tatu analia kama mtoto aliyenyimwa titi. Bibi, yule mama mkwe, aliwapita wote kwa fimbo yake, ko, ko, ko, mpaka kizimba cha mwisho. Humo kulikuwa na ndoo ya maji, na nyuma ya ndoo mgongo wa kijivu uliotazama ukuta. Sikio moja lilikuwa na pengo, kama tiketi iliyokatwa.

"Huyo hajitokezi kwa watu, bibi," alisema Dada wa Fomu. "Ana miezi saba hapa. Watu wakija wanaona mgongo, wanaondoka."

"Amekasirika?"

"Anaogopa."

"Hmm. Mtu akigeukia ukuta, mnasema anaogopa. Labda amechoka kutazamwa." Bibi aliegemea fimbo. "Nipeni huyu huyu."

Mke wa Fundi alimbinya mumewe kiuno mpaka akaruka. Wiki sita mama yake hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Wiki sita tangu walipomchukua kwake, alikoanguka bafuni na kulala sakafuni tangu asubuhi mpaka alasiri, jirani alipopita kuazima jiko. Nyumbani kwa Fundi alikula, akaoga, akajibu salamu. Lakini begi lake hakulifungua. Alitoa nguo moja, akaivaa, akaifua, akairudisha humo na kufunga zipu. Na kila Ijumaa aliuliza swali lile lile: "Mnanirudisha lini kwangu?" Mke wa Fundi alikuwa muuguzi, na alijua bafu lile lingemrudisha mama yake sakafuni.

"Haya, masharti," alisema Dada wa Fomu. "Siku kumi na nne za majaribio. Asitoke nje. Asivutwe. Asishikwe mpaka atake mwenyewe. Na msimkodolee macho. Kaeni naye kana kwamba hayupo. Siku ya kumi na nne nakuja nyumbani saa kumi. Nikimkuta ametulia, anabaki. Nikikuta hayupo, ndiyo basi, na mwingine hampati."

"Dada yangu, hiyo ni kazi ndogo," alisema Fundi, akasaini kwa mbwembwe, mkia wa saini ukatoka nje ya mstari.

* * *

Kazi ndogo ilimchora mistari minne nyuma ya mkono wa kulia kabla jua halijazama. Alikuwa amefungua boksi la paka, akaingiza mkono na kusema, "Njoo kwa baba." Mkono ukatoka peke yake.

"Miguu minne, eh?" mke wake alimfunga kidonda huku anajizuia kucheka. "Na huyu anaumwa wapi, daktari wa stuli?"

"Ananizoea."

"Naona. Amekusaini na yeye."

Bibi hakucheka. Alifunga mlango wa chumba chake. Mke wa Fundi alipochungulia baadaye, aliziona nguo zote za mama yake zimepangwa kwenye rafu, gauni juu ya gauni, na lile begi liko chini ya kitanda, zipu imefunguliwa mpaka mwisho. Ndani yake kulikuwa na jozi ya macho. Muuguzi alisimama ukumbini akajipangusa uso kwa aproni ya kazi, kisha akaenda zamu bila kumwambia mtu.

Bibi akamwita paka Mgeni. Na kila alasiri, Fundi akiwa karakana anapiga misumari, alisikia sauti ya mama mkwe ikipita kwenye ukuta wa mbao kama redio iliyopunguzwa sauti. Karakana yenyewe ilikuwa nusu ya sebule tu: upande huu familia, upande ule makochi ya watu. Mwanzoni alidhani Bibi anasali. Siku ya tatu alisogeza sikio.

"Mkwe wangu anatafuna kama anapasua mbao," Bibi alikuwa anamwambia paka, polepole, kwa mdundo wa mtu anayechambua mchele. "Chai anaivuta mpaka jirani anaamka. Anajisifu, mwanangu, anajisifu huyo, mpaka ukuta unaona haya. Lakini maji ya kuoga ananichemshia. Hapo simsingizii. Ananichemshia..."

Fundi alirudi kwenye kochi lake taratibu. Tangu siku hiyo akawa anatafuna mdomo umefungwa, na alipokuwa peke yake tu ndiyo alivuta chai.

Siku tatu zikapita, zikawa saba, zikawa kumi, na mapaja ya Fundi hayakulaliwa na mtu. Lakini sahani ya samaki ilikuwa inakutwa tupu, na manyoya ya kijivu yakaanza kuonekana huku na huko: kwenye mkeka, kwenye robota la kitambaa, mara moja juu ya kofia yake. Mgeni alikuwa anatembea nyumba nzima watu wasipomtazama. Fundi akafuata sharti kikamilifu. Akisikia nyayo laini nyuma yake, anakaza macho kwenye sindano. Alijivunia hilo. Alimtangazia hadi Breki, mvuta mkokoteni aliyempelekea mizigo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mkokoteni wake haukuwa nazo. "Mimi simtazami hata chembe. Hiyo ndiyo siri."

* * *

Siku ya kumi na nne ilianza vibaya kwa sababu ya sofa ya Mwalimu Mkuu.

Ilikuwa sofa ya watu watatu, ya mbao nzito, imelazwa chali karakana siku mbili, tumbo wazi, inasubiri mikanda mipya. Mwalimu Mkuu aliitaka kabla ya mchana, maana bodi ya shule ilikuwa inakuja kwake. Na mke wa Fundi, akiwa anavaa viatu vya kazini, aliitaka iondoke kwa sababu zake.

"Dada wa watu akija akute nyumba, siyo gereji ya makochi. Unanisikia? Toa hilo dude, fagia misumari, vaa shati."

"Shati gani?"

"Lenye vifungo."

Fundi akaruka kazini. Akakaza mikanda, akajaza sponji pembeni, akavuta kile kitambaa cheusi cha tumboni, akapiga misumari midogo na kumalizia pembe kwa sindano ya kupinda, mkono unakwenda kama cherehani. Nyayo laini alizisikia. Akakaza macho kwenye sindano, kama ilivyoagizwa. Saa nne Breki akafika, wakainua.

"Fundi, umeweka springi za aina gani? Mbona zinakwaruza?"

"Ni sponji mpya inajikunjua," alisema Fundi kwa sauti ya mtaalamu. "Sponji nzuri ndivyo ilivyo. Wewe kokota."

Saa sita Bibi akatoka na sahani ya samaki. Akaigonga kwa kijiko mara tatu, kama kawaida yake. Akasubiri. Akagonga tena.

Walitafuta chini ya vitanda, nyuma ya jiko, ndani ya ndoo, ndani ya sufuria ambazo paka yule asingeenea hata robo. Fundi alipanda juu ya kabati akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi. Akatoka nje akazunguka nyumba mara tatu, akauliza muuza unga, akauliza fundi viatu, akaita "Mgeni! Mgeni!" mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapita na sanduku akaitika, "Naam, karibu nimefika." Akarudi ndani, akatoka tena. Hakuweza kukaa. Kila alipofika mlangoni alihisi yuko ndani, kila alipofika ndani alihisi yuko nje.

Alipoingia mara ya nne, Bibi alikuwa ameketi kitandani na begi mapajani. Alikuwa anang'oa manyoya kwenye bitana, moja moja. Kando yake, magauni mawili yalishakunjwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakunja nguo, mkwe."

"Atapatikana. Muda bado."

"Mimi simlaumu. Mtu akiletwa kwa watu, siku moja anaona mlango." Aliweka gauni la tatu. "Huyo dada akija, mwambie ni mimi niliyeacha wazi. Mimi ni mzee, hatanifanya kitu. Wewe umejitahidi. Hata kutafuna umepunguza."

Fundi aligeuka. Akaenda karakana ili mama mkwe asimwone uso. Pale sofa ilipokuwa imelala pamebaki pembe nne safi sakafuni, na pembeni yake, pale alipokuwa anashonea, rundo dogo la manyoya ya kijivu na mfupa mmoja wa samaki.

Alitazama manyoya. Akatazama sindano ya kupinda iliyochomekwa kwenye shati, lile lenye vifungo. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikisema *sponji nzuri ndivyo ilivyo*, na miguu ikaanza kukimbia kabla hajaiagiza.

* * *

Breki alikuwa amerudi uani kwa Mwalimu Mkuu kudai ujira wake, anakunywa maji. Alimfuata Fundi mpaka sebuleni kwa sababu hakuwahi kumwona mtu mzima anakimbia na begi la vyuma vya kazi.

Sebuleni walikaa wajumbe watatu wa bodi. Wawili kwenye viti. Mwenyekiti wa bodi, mtu mwenye mwili wake na suti yake, alikuwa ameimiliki sofa ile peke yake, ameweka chai juu ya goti.

"Fundi?" Mwalimu Mkuu aliinua miwani. "Umesahau kitu?"

"Shikamoo mwalimu. Ni... ukaguzi mdogo. Wa sponji. Huwa tunarudi kukagua."

"Si ulisema kazi yako haijawahi kurudiwa tangu uanze?"

"Ndiyo maana ya kukagua, mwalimu. Isije ikarudiwa."

Fundi akapiga magoti karibu kabisa na viatu vya mwenyekiti, akaweka sikio kwenye kitambaa. Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti akajisogeza kumpisha, na kile kitu kilichokuwa chini yake kikasema *khaaaa!*

Chai ikamwagika. Mwenyekiti aliinuka taratibu, kwa heshima zote, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine umeshika makalio.

"Fundi," alisema Mwalimu Mkuu, kwa sauti ile ya mbele ya shule nzima. "Kuna nini ndani ya sofa yangu?"

"Ni mgeni wetu, mwalimu."

Waliipindua, Fundi na Breki. Mbele ya bodi nzima Fundi alifumua mshono wake mwenyewe, msumari kwa msumari. Kitambaa kikafunguka. Kwenye kona ya ndani kabisa, kati ya springi mbili, mgongo wa kijivu ulikuwa umetazama mbao. Unapanda, unashuka. Mzima.

"Mvute!" alisema mjumbe mmoja.

"Haruhusiwi kuvutwa," alisema Fundi.

"Basi mtikise kwa ufagio," alisema mwingine.

"Jamani, msimtazame. Nawaomba. Geukeni."

Sijui ni nini kilichokuwa kwenye uso wake, lakini bodi ya shule ikageuka. Mwenyekiti aligeukia kalenda, wale wawili dirishani, Mwalimu Mkuu akageukia kabati la vitabu vyake, mgongo umenyooka. Breki akatazama dari. Fundi akalala sakafuni, begi la vyuma amelimwaga na kulifungua mdomo, mgongo wake kwa paka. Akaanza kusema. Alijua paka huyu amezoea maneno ya mtu mmoja tu.

"Mkwe wangu," alisema, polepole, kwa ule mdundo wa kuchambua mchele, "anatafuna kama anapasua mbao."

Mabega ya mwenyekiti yalitikisika.

"Chai anaivuta mpaka jirani anaamka. Anajisifu, mwanangu, anajisifu huyo, mpaka ukuta unaona haya..." Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Hakuna aliyemtazama, na hilo ndilo lililozidisha. Alisikia kila mtu anavyosikiliza. Aliyarudia yote, akafika kwenye chai mara ya tatu, mara ya nne. "Lakini maji ya kuoga ananichemshia. Hapo simsingizii..."

Springi ikalia kidogo. Kitu laini kikapita kisigino chake, kikanusa, kikaingia begini. Fundi akavuta zipu bila kupumua, akaacha upenyo wa hewa. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Na sofa yangu?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Narudi, mwalimu!" Alikuwa keshafika barabarani, na Breki anamfuata nyuma kumwona anakokimbilia.

* * *

Viatu vya Dada wa Fomu vilikuwa tayari mlangoni.

Fundi aliingia kwa mlango wa karakana, akaweka begi sakafuni na kufungua zipu. Kupitia upenyo wa mbao aliwaona: Dada wa Fomu kwenye kiti na kalamu yake, Bibi kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Bibi, nimekaa robo saa sasa. Yuko wapi?"

"Yupo," alisema Bibi. "Ana aibu."

Fundi aligeuza uso ukutani. Alisikia begi linachakacha, kisha nyayo. Alipochungulia tena, Mgeni alikuwa amesimama katikati ya sebule, uzi mweusi umening'inia kwenye mkia, masikio yamelala. Alimtazama yule dada. Alitazama chini ya kabati. Halafu akatembea moja kwa moja, akaruka juu ya benchi, akapanda mapajani kwa Bibi na kuficha kichwa kwenye kwapa lake.

Bibi hakusogea. Mkono wake ulibaki hewani muda mrefu, kama mtu aliyesahau alitaka kufanya nini, kisha ukashuka juu ya ule mgongo. Hakuwahi kuugusa kabla ya hapo.

Dada wa Fomu aliweka kalamu chini akaiokota tena. "Miezi saba," alisema. "Ametokea wapi?"

"Karakana. Hupenda kulala huko," alisema Bibi. "Amekuja kwa miguu yake, umemwona."

"Hajatoka nje ya nyumba hii siku zote kumi na nne? Lazima niulize, imo humu."

"Hata siku moja!" Fundi alijitokeza, anafunga kifungo cha juu. Alijua pa kuishia, lakini mdomo haukujua. "Mlango wangu huo hapiti hata inzi. Mimi kwa ulinzi, dada yangu, hata serikali..."

"Bibi?"

Fundi alimtazama mama mkwe. Mwanamke huyu aliwahi kurudi sokoni kwa mguu kwa sababu muuzaji alimpa nyanya moja ya ziada kimakosa. Bibi alimtazama yeye: jasho, vumbi la sakafu ya watu upande mmoja wa shati, uzi mweusi begani, sawa na ule ulio kwenye mkia.

"Hajatoa hata kichwa nje," alisema Bibi.

Dada wa Fomu akaandika. Alikuwa kwenye saini, herufi ya pili, mlango uliposukumwa.

"Fundi! We Fundi!" Breki alishika kizingiti, anahema, amefurahi kama mtu aliyebeba habari ya harusi. "Mwalimu amenikamata njiani, anasema rudi ukashone lile tumbo la sofa, mwenyekiti wa bodi ameketi juu ya ndoo! Na paka amefika salama? Maana alivyokuwa analia humo begini barabara nzima, watu walikuwa wanasimama... Oh. Shikamoo bibi. Hujambo dada."

Kalamu ilikuwa imesimama. Dada wa Fomu hakumtazama Fundi, wala Breki. Alimtazama Bibi.

"Bibi. Si umesema hajatoa hata kichwa nje?"

Bibi alimfunika Mgeni sikio lenye pengo kwa kiganja, kama kumkinga na maneno ya watu wazima.

"Kichwa hakutoa, mwanangu," alisema. "Si unasikia, alikuwa ndani ya sofa."

Breki ndiye aliyepasuka kicheko kwanza. Dada wa Fomu aliuma midomo, akainama juu ya fomu mpaka paji la uso likakaribia kugusa karatasi. Alipoinuka, alimalizia saini yake.

"Paka anabaki," alisema. "Ila nitarudi mwezi ujao, na simjii yeye, nawajia nyinyi." Akageuza karatasi upande usioandikwa kitu, akaelekeza kalamu kwa Fundi, halafu kwa Bibi. "Sasa kaeni hapo benchi, wote wawili. Nisimulieni, tangu mwanzo. Na kaka mwenye mkokoteni asiondoke."